Vifaranga wa Februari: Tuwashe au Tuzime?

Kaskazi ikishika, wafugaji wa mwambao hurudia ubishi uleule: vifaranga wawashiwe moto au wasiwashiwe? Kijitabu cha ufugaji kinataka nyuzi 32 hadi 35 kwa wiki ya kwanza. Msomaji wa kijitabu hicho yuko ndani ya banda la bati, saa tisa mchana, shati limemganda mgongoni, halafu anaambiwa aongeze moto. Na hawezi kusubiri hali ya hewa ibadilike, kwa sababu broila huuzwa akiwa na wiki tano au sita. Anayetaka kuku wa Pasaka hupokea vifaranga Februari au Machi, miezi ambayo hata mbwa wa Dar es Salaam hawahangaiki kubweka mchana.

Nimewaita watu wanne wabishane. Ni wa kubuni, lakini hoja zao nazisikia kila msimu. Bibi anafuga kuku wa kienyeji Mbagala na hajawahi kununua taa ya kuku. Kijana ana broila Kigamboni. Mama alifuga Njombe miaka mingi kabla ya kuhamia Pwani. Wa nne ni daktari wa mifugo. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Kijana: Shikamoo Bibi, shikamoo Mama. Naomba nianze, mwenye hasara ni mimi. Nilishusha vifaranga mia tatu. Duara la plaiwudi nikaliandaa, maranda mapya, balbu mbili nyekundu za wati 250, madirisha nikayaziba kwa viroba. Balbu hazikuzimwa usiku wala mchana. Kila jioni naokota waliokufa, na walio hai nawakuta wamebanana ukingoni. Kijitabu kinasema wakibanana ni baridi. Nikashusha balbu chini zaidi. Wakazidi kufa.

Bibi: Marahaba, mwanangu. Umewachoma. Mwezi wa pili huu sisi wenyewe tunalala barazani, wewe umewafungia wenzio ndani na majua mawili. Zima.

Kijana: Nikizima, wakifa kwa baridi, nani atanilipa?

Bibi: Baridi gani? Ya Mbagala?

Daktari: Ngoja, Bibi. Wewe kijana, nijibu taratibu. Walibanana chini ya balbu au mbali na balbu?

Kijana: Mbali. Ukingoni kabisa, wameegemea plaiwudi.

Daktari: Midomo?

Kijana: Wazi.

Daktari: Mbawa?

Kijana: Wamezilegeza, zimeachana na ubavu. Na walikuwa kimya. Mimi nikasema afadhali, wamelala.

Daktari: Kifaranga mwenye baridi hanyamazi. Hulia kwa sauti kali, bila kupumzika, na huenda kurundikana chini ya moto wenyewe, anapanda migongo ya wenzake mpaka wa chini anakosa hewa. Wako walikuwa wanaukimbia moto. Wangeweza kutoboa plaiwudi wangetoka. Ulipoishusha balbu ulipunguza eneo dogo walilobakiwa nalo.

Hapa naingilia. Kijitabu hakikudanganya kuhusu kubanana, ila maelezo yake yaliishia njiani. Wakirundikana kati, chini ya taa, ni baridi. Wakijipanga ukingoni pande zote, ni joto. Wakienda wote upande mmoja, tafuta tundu linalopitisha upepo upande wa pili. Na wakitawanyika ovyo, huyu anakula, yule anakunywa, wengine wamelala wamenyoosha miguu kama walevi, ondoka uwaache. Haya yanaonekana kwa macho tu, hayahitaji kipimajoto.

Kijana: Lakini Daktari, kipimajoto nilikuwa nacho. Kilisoma 33. Nikajua niko sawa.

Daktari: Ulikitundika wapi?

Kijana: Kwenye nguzo, usawa wa macho yangu.

Mama: Mwanangu, kifaranga hana kimo chako. Kipimajoto hutundikwa chini, usawa wa mgongo wake, kama sentimita tano juu ya maranda, kwenye ukingo wa mwanga wa taa. Kama juu huko kwako ni 33, chini ya balbu mbili za wati 250 palikuwa tanuri.

Suala hili ndilo linalowapotosha wengi, kwa hiyo nalikazia. Nyuzi 35 za kijitabu hazikuandikwa kwa ajili ya banda. Ni joto la pale kifaranga anaposimama anapoutafuta moto. Hakuna anayetaka banda zima liwe 35. Mfugaji wa nchi ya baridi anaweza kulipasha joto banda zima na mambo yakamwendea vizuri, kwa sababu ukuta wa nje unalipoza mfululizo. Huku kwetu bati likishapokea jua tangu asubuhi, saa tisa lenyewe limegeuka taa ya tatu iliyoning'inia juu ya duara, na haina swichi.

Bibi: Basi si ndiyo nilivyosema? Izimwe.

Daktari: Mchana, Bibi, nakubaliana nawe. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linapozama, Februari, banda la bati la Pwani halihitaji moto mwingine. Tena hatari yenyewe ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Kuku hana matezi ya jasho. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, na akitaka kulipunguza hana njia kubwa isipokuwa kuhema, maji yakauke kwenye koo na mapafu. Sasa hewa yetu tayari imejaa unyevu wa bahari. Anahema, maji hayakauki haraka, anazidi kuhema, anapoteza maji, anaacha kula. Ndiyo maana nyuzi 35 za Dar es Salaam si nyuzi 35 za Dodoma.

Kijana: Jirani yangu hulowesha magunia akayatundika dirishani.

Daktari: Dodoma ningemsifu. Hewa kavu hunyonya maji kwenye gunia na upepo unaoingia unapoa kweli. Kigamboni gunia litakaa limelowa mpaka jioni, litaongeza unyevu ndani, na maranda yakilowa katika joto hilo unakaribisha kuhara damu. Weka upepo. Acha magunia.

Mama: Na asimwage maji sakafuni, wanafanya hivyo pia.

Bibi: Mmenikubalia mchana. Usiku je?

Daktari: Usiku tunaachana, Bibi. Usiku wa Februari hapa Dar unashuka mpaka nyuzi 25 au 26. Kwa mtu ni usiku wa kulala bila shuka. Kwa kifaranga wa siku ya pili ni nyuzi kama nane chini ya anachohitaji. Ana gramu arobaini hivi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na vinyoya alivyo navyo ni vile laini vya kuzaliwa, si manyoya ya kuzuia baridi. Wiki mbili za mwanzo mwili wake haujajua kujitengenezea joto la kumtosha. Ukizima usiku mzima atasinyaa, hatakula, na atakayepona atabaki mdogo mpaka siku ya kuuzwa.

Bibi: Wangu hawasinyai, na umeme sina.

Daktari: Una kuku.

Bibi: Eeh. Sasa umefika. Kuku wangu huatamia siku ishirini na moja, akitoka na watoto kumi au kumi na wawili anazunguka nao uani. Jua likikaza anawapeleka chini ya mwembe. Mvua ikianza anachuchumaa, anatanua mbawa, wanaingia. Wakipata joto wanatoka, unaona kichwa kimoja hapa, kingine kule, kimoja kimepanda mgongoni. Hakuna anayewaambia ingieni au tokeni. Nyinyi mmeweka taa katikati ya boma la mbao mkasema hii ndiyo mama. Mama gani hasogei, na mtoto akitaka kumkimbia hana pa kwenda?

Ningependa mjadala uishie hapo, kwa sababu Bibi amesema jambo ambalo wataalamu wa ufugaji huligeuza majedwali. Anachopewa kifaranga na mama yake ni ruhusa ya kuchagua. Joto ni sehemu tu ya ruhusa hiyo. Chini ya tumbo kuna joto la kutosha, hatua mbili mbele kuna kivuli, na kati ya hapo na pale yeye ndiye mwamuzi. Boma zuri la kulelea vifaranga Pwani, yaani bruda, linatakiwa kuiga hilo: upande mmoja wenye moto, upande wa pili baridi kiasi, na nafasi ya kutosha katikati. Kosa la kijana halikuwa kuwasha balbu. Alijenga duara dogo ambalo kila pembe yake ilikuwa moto.

Kijana: Kwa hiyo nipanue duara.

Mama: Panua, na balbu usiiweke katikati. Isogeze upande. Chakula na maji viweke pale kati, pasipo na joto kali, maana maji yakikaa chini ya balbu yanageuka chai na hawayagusi. Na balbu iwe kwenye mnyororo. Wakisogea mbali, pandisha. Wakikusanyika, shusha. Mimi Njombe nilikuwa nashusha tu.

Kijana: Njombe ulikuwa unafanyaje, Mama?

Mama: Njombe Juni ni vita nyingine. Asubuhi nyasi zimepigwa na barafu. Nilifunga banda kwa nailoni ndani ya nailoni, nikaweka moto wa mchana na usiku, na bado alfajiri nilikuwa na wasiwasi. Kule adui ni mmoja, unamjua kwa jina. Nilipofika Dar nikajenga banda lilelile, nailoni zilezile. Nikajifunza kwamba hapa maadui ni wawili, na wanapokezana ndani ya siku moja. Saa tisa mchana joto, saa kumi alfajiri baridi. Banda lisilobadilika kati ya saa hizo mbili halifai.

Daktari: Hapo ndipo mapazia yanapohusika. Ukuta wa matofali uwe mfupi, juu yake wavu, na juu ya wavu pazia la viroba. Pazia lifungwe chini, lifunguke kutoka juu. Watu wengi hulifunga juu wakalikunja kutoka chini, upepo unaingia moja kwa moja kwenye migongo ya vifaranga. Likifunguka kutoka juu, hewa moto iliyokusanyika chini ya bati inatoka na vifaranga hawapigwi.

Kijana: Wavu nauogopa. Kunguru.

Kunguru wanastahili aya yao. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani hii. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakavuka bahari, na leo hakuna mama wa Temeke au Kisauni asiyewalaani. Wanabeba kifaranga mchana kweupe. Usiku zamu ni ya panya na nguchiro, na mwizi wa miguu miwili hana zamu maalumu. Kwa hiyo mfugaji huziba. Anaziba dirisha kwa mbao, tundu kwa kiroba, mlango kwa bati, na anachokijenga kwa kumkwepa kunguru ni chumba kisicho na hewa. Naona vifaranga wengi wa mjini hufa kwa woga wetu huo, kisha tukasema ni mdondo. Wavu wenye matundu madogo unawazuia kunguru na panya vilevile, na hewa inapita. Ni ghali kuliko kiroba, lakini haununuliwi kila msimu.

Kijana: Nirudi kwenye moto wa usiku. Balbu mbili za wati 250 ni nusu kilowati. Saa ishirini na nne ni yuniti kumi na mbili kwa siku. Luku inalia. Wenzangu wanatumia jiko la mkaa.

Daktari: Mkaa sikushauri ndani ya banda lililofungwa, na kamwe usilale humo na jiko. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haimwashi mtu macho. Inaua kifaranga, inaua na mfugaji.

Mama: Mimi nimelelea kwa mkaa miaka.

Daktari: Banda lako lilikuwa na bomba la kutolea moshi?

Mama: Lilikuwa na nafasi chini ya paa. Na jiko nilikuwa nalikolezea nje, likiisha kuwa jekundu ndiyo naliingiza.

Daktari: Nafasi ya paa ndiyo iliyokuokoa, Mama, si wekundu wa mkaa. Kaa jekundu lisilo na moshi ndilo linalotoa hewa hiyo vizuri kabisa.

Mama: Haya, nimekusikia. Lakini nina sababu nyingine ya kuuacha mkaa hapa Pwani, ambayo hukuitaja. Jiko ukiliwasha saa mbili usiku linakuwa kali saa tatu, wakati banda bado lina joto la mchana. Saa kumi alfajiri, ambapo vifaranga wanauhitaji, limebaki majivu. Linawaka wakati usiofaa.

Bibi: Kama wageni wa harusi.

Kijana: Basi hesabu yangu ni hii. Mchana nazima. Nawasha saa mbili usiku, nazima saa moja asubuhi. Yuniti kumi na mbili zinakuwa tano na nusu.

Daktari: Usiende kwa saa peke yake. Ikinyesha mchana, washa mchana. Lakini hesabu ni nzuri. Na umeme ukikatika usiku, usikimbilie jiko. Punguza duara mara moja, wasogeze pamoja, ongeza maranda makavu, pandisha pazia, funika sehemu ya duara kwa kanga ukiacha upenyo. Mia tatu wana joto lao wenyewe la kuwafikisha asubuhi, mradi huwaachi warundikane.

Kijana: Nikinunua balbu nyingine ninunue hizi za kisasa zinazokula umeme kidogo?

Nimeona mtu amezifunga nane juu ya bruda, banda linang'aa kama ukumbi wa sherehe, vifaranga wanatetemeka. Balbu ya LED haipotezi umeme mwingi kwa joto. Ndiyo sababu inasifiwa, na ndiyo sababu haifai kwa kazi hii. Tunachokitafuta hapa ni ule upotevu wa balbu ya zamani ya waya, ambayo karibu umeme wote inaokula inautoa kama joto na mwanga unabaki ziada.

Bibi: Mimi sijaridhika bado. Mnasema wiki ya kwanza 35 hadi 32. Wiki ya pili?

Daktari: Kutoka hiyo 32 tunapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Ya pili 29, ya tatu 26 au 27, ya nne 23 au 24.

Bibi: Na usiku wa Februari umesema ni 25, 26.

Daktari: Ndiyo.

Bibi: Kwa hiyo wiki ya tatu taa inazimwa, usiku na mchana.

Daktari: Kwa Februari, ndiyo, Bibi. Julai ningewapa wiki moja zaidi.

Bibi: Na wiki ya nne mnazitafuta 23 zenu wapi?

Daktari: Hatuzipati. Hapo kazi inageuka. Kuanzia wiki ya nne broila ana manyoya, ana nyama, na mwili wake unazalisha joto jingi. Siku ya tatu alikuwa analia kwa nyuzi 25; wiki ya tano atakufa kwa 36, saa tisa mchana, chini ya bati lilelile. Wafugaji wanaogopa wiki ya kwanza, lakini Pwani hasara kubwa ya joto iko mwisho, mfugaji akiwa ameshamaliza kununua chakula. Ndiyo maana nasema fedha ya balbu ya tatu ingenunua makuti ya kutandaza juu ya bati.

Mama: Na kwa wale wa wiki ya kwanza, mtu asiyejua kusoma kipimajoto afanye nini?

Bibi: Amshike.

Mama: Ndiyo, amshike. Saa moja baada ya kuwashusha, na tena usiku. Unachukua mmoja, unaziweka nyayo zake shavuni kwako. Zikiwa baridi, maranda ni baridi, hata kama hewa ni moto. Kifaranga hukaa juu ya maranda mchana kutwa. Kisha unapapasa chini ya shingo, pale chakula kinapokaa. Pakiwa pamejaa na laini, amekula na amekunywa. Pakiwa patupu, kuna jambo. Kumi kutoka sehemu mbalimbali za duara wanatosha kukupa picha.

Kijana: Wangu walifika wakiwa wamechoka tayari. Boksi lilikaa kwenye buti ya basi.

Daktari: Boksi la vifaranga mia lina vyumba vinne, ishirini na watano kila kimoja, na matundu pembeni. Matundu hayo si mapambo. Yakizibwa na mizigo, joto la vifaranga wenyewe linawapika kabla hujawaona. Wasafirishe alfajiri au jioni, boksi likae penye hewa, usilipange juu ya jingine bila nafasi.

Bibi: Na maji kabla ya chakula.

Daktari: Maji kwanza, ndiyo.

Kijana: Nimeagiza mia tatu wengine, wanakuja wiki ijayo. Bibi, unaonaje?

Bibi: Mimi naona ungewapa kuku waatamizi. Usiku, gizani, unamwingizia mmojammoja chini ya mbawa, asubuhi anadhani ni wake.

Kijana: Kumi na wawili kwa kuku mmoja. Mia tatu ni kuku ishirini na watano, na wote wawe wameatamia wiki ileile.

Bibi: Nina sita.

Daktari: Basi sabini na wawili kwa Bibi, waliobaki kwenye balbu. Tuwapime wote uzito siku ya kumi na nne.

Bibi: Chakula cha hao sabini na wawili anatoa nani?